Kipandauso sugu: Botox au Aimovig?

Hizi ni sindano za kuzuia kipandauso. Nimechomwa zote mbili hapa Uingereza, na kila moja ina yake.

Kwa gharama zinalingana. NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, inalipa, ila lazima uwe umeshajaribu angalau dawa tatu za kuzuia zikashindwa. Tofauti iko kwenye usumbufu. Botox ni kwenda kliniki kila wiki 12, na miadi ikisogezwa mbele, dawa inaisha nguvu kabla ya zamu yako. Unachomwa sehemu 31: paji la uso, panja, kisogo, shingo, mabega. Sindano ni nyembamba mno, lakini zile za katikati ya nyusi machozi yanatoka yenyewe. Aimovig unajichoma nyumbani, pajani au tumboni, mara moja kwa mwezi. Inalia tak, unasubiri kidogo, kwisha. Kero yake ni friji, nyuzi 2 hadi 8. Ukienda Mombasa likizo ndefu, umeme nao ukakatika, utajua.

Matokeo? Botox ilinichelewea: duru ya kwanza sikuona kitu, ya pili ndiyo ikanipa nafuu. Aimovig niliisikia mapema, ila ilinifunga choo vibaya. Botox ilinilegeza shingo, mto ukawa adui.

Mwenye presha aanze kwa kuongea na daktari kuhusu Aimovig, maana inaweza kuipandisha. Anayetarajia mimba aulize kwanza kuhusu zote. Anayeogopa kujidunga, au anayeishi mbali na kliniki, nadhani ameshajua pa kuelekea.