The Grapes of Wrath (1940): Filamu ya Vibarua Inayojua Kupiga Hesabu

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tuna filamu ya zamani kidogo: The Grapes of Wrath, ya mwaka 1940, nyeusi na nyeupe, dakika 129. Muongozaji ni John Ford, na imetokana na riwaya ya John Steinbeck iliyotoka mwaka mmoja tu kabla yake. Tutaigusa mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu, simamisha hapa, kaitazame, kisha urudi.

Familia ya akina Joad wanalima shamba la kupanga huko Oklahoma. Ukame na vumbi vimewamaliza, na trekta limekuja kuchukua nafasi yao. Wanauza vitu kwa bei ya kutupa, wanajibana zaidi ya watu kumi kwenye gari chakavu aina ya Hudson lililogeuzwa lori, wanaishika barabara kuu namba 66 kwenda California kuchuma matunda. Kilichowavuta ni karatasi ya tangazo: wanatakiwa wachumaji 800.

Sasa shikeni hiyo karatasi, maana ndiyo roho ya filamu. Filamu nyingi za vibarua wa mashambani zinakuonyesha jua kali, migongo iliyopinda na nyapara mkorofi, basi. Hii inakupigia hesabu. Usiku mmoja kambini njiani, jamaa aliyekwisha kuionja California anawaeleza mchezo ulivyo. Mwenye shamba anataka watu 800, anachapisha karatasi 5,000, zinasomwa na watu labda 20,000, na kati yao elfu mbili tatu wanafunga mizigo. Kazi ipo kweli, hakuna aliyedanganywa. Ila wakishafika getini wote hao, wana njaa na watoto wanalia, bei ya kazi inashuka yenyewe bila mtu kuishusha.

Halafu filamu inakuthibitishia. Akina Joad wanaingizwa shamba la mapichi huku askari wa pikipiki wakiwasindikiza, na nje kuna watu wanapiga kelele. Malipo ni senti 5 kwa boksi. Kwa hiyo dola moja ni maboksi 20, na pichi lililochubuka halihesabiki. Chakula unanunua duka la humohumo shambani, bei juu, na duka jingine liko mbali. Wazee wetu waliowahi kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge wangelijua duka hilo bila kuelezwa. Usiku Tom, kijana wa akina Joad, anatoroka kwenda kuangalia zile kelele ni za nini, anamkuta Casy, aliyekuwa mhubiri, akiwa na wagomaji. Casy anamfungua macho: sisi tulipofika tulipewa senti 2 na nusu. Nyinyi mnalipwa 5 kwa sababu sisi tumegoma. Siku mgomo ukivunjika, nanyi mtarudi kwenye 2 na nusu. Maboksi 40 kwa dola ileile. Sijaona mahali pengine sinema inapoeleza kwa uwazi hivi jinsi mgomo wa mtu mmoja unavyokuwa mkate wa mwenzake, na mwenzake hata hajui.

Kuna jambo filamu haikuambii na unalihitaji hapo. Unaweza kujiuliza kwa nini wagomaji wanapigwa marungu hovyo na hakuna wa kuwatetea. Sheria ya Marekani ya 1935 iliyolinda haki ya wafanyakazi kuunda vyama iliwaacha nje vibarua wa mashambani. Si bahati mbaya ya kambi moja.

Picha zenyewe zimepigwa na Gregg Toland, fundi yuleyule aliyepiga filamu ya Citizen Kane mwaka uliofuata. Anathubutu kuacha giza liwe giza. Mwanzoni, Tom anaporudi nyumbani na kukuta nyumba tupu, nyuso zinaonekana kwa mwanga wa mshumaa tu, nusu ya uso imemezwa. Humo ndimo Muley, jirani yao, anasimulia alivyofukuzwa: anauliza ampige nani risasi, anaambiwa dereva kaagizwa na kampuni, kampuni inabanwa na benki ya Tulsa, na benki nayo inapokea amri kutoka mashariki mwa Marekani. Na dereva wa trekta lenyewe ni kijana wa jirani, analipwa dola 3 kwa siku, ana watoto wa kulisha.

Ila kipande changu ni cha mama. Kabla ya kuondoka, Ma Joad yuko peke yake mbele ya jiko, anachambua kijisanduku cha kumbukumbu, anatupa karatasi motoni. Anakuta hereni. Anazishika kwenye masikio na kujitazama kwenye kioo. Hasemi neno, wimbo tu unapita taratibu kwa kodiani. Jane Darwell alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi, na Ford akapata ya uongozaji. Mimi naona mwili wa Darwell umeshiba mno kwa mwanamke anayelala njaa, lakini kwa tukio hilo namsamehe.

Tatizo kubwa liko kwenye mpangilio. Kitabuni, kambi nzuri ya serikali inakuja kwanza, kisha shamba la mapichi, kisha mafuriko na kichanga kinachozaliwa kimekufa. Filamu imegeuza: mateso ya mapichi kwanza, kambi safi baadaye. Kambi yenyewe imeonyeshwa vizuri, maana mshauri wa filamu alikuwa Tom Collins, aliyewahi kuwa meneja wa kambi halisi ya Weedpatch: mabafu, kamati inayochaguliwa na wakazi, kodi ya dola 1 kwa wiki ambayo unaweza kuilipa kwa kufanya kazi, na askari haruhusiwi kuingia bila hati ya mahakama. Lakini kwa kuiweka mwishoni, unatoka ukidhani mambo yamenyooka. Hayajanyooka: wanapoondoka wanakimbilia Fresno kwa kazi ya siku 20. Baada ya hapo je?

Na wengine wako wapi? Mashamba ya California yalishachumwa kwa miaka mingi na Wachina, Wajapani, Wafilipino na Wameksiko. Humu karibu hawaonekani kabisa. Mgomo wa wachuma zabibu wa Delano, hukohuko California, wa 1965 ulianzishwa na Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong, kisha Wameksiko wa Cesar Chavez wakaungana nao. Kwa hadithi yao tafuta filamu nyingine.

Nane kwa kumi. Kuhusu kuitazama: usiiangalie kwenye simu mchana, dakika ishirini za mwanzo utaona weusi mtupu na utadhani nakala ni mbovu. Chagua nakala iliyosafishwa, kwa sababu zile za zamani zimepoteza maelezo yote ya kwenye vivuli. Picha ni karibu mraba. Televisheni ikikuletea watu wanene, nenda kwenye mipangilio uzime kuvuta picha. Na washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako kiko sawa, maana lafudhi ya Oklahoma ni nzito, na Casy huongea haraka palepale anapofika kwenye hesabu ya senti.