Skolashipu za RTDNA kwa wanafunzi wa utangazaji: nzuri, ila kwa aliyekwisha kuingia chuoni

Kwa Mswahili anayesomea habari za redio au televisheni katika chuo cha Marekani, skolashipu za RTDNA, chama cha wakurugenzi wa habari za utangazaji wa huko, zinastahili jasho. Ile yenye jina la Ed Bradley, mtangazaji wa televisheni ya CBS aliyefariki mwaka 2006, ni dola 10,000. Ya Carole Simpson, mwanamke aliyeongoza mdahalo wa wagombea urais wa Marekani mwaka 1992, ni dola 2,000. Uzuri wake ni kwamba digrii si lazima iitwe uandishi wa habari, bora lengo lako liwe chumba cha habari. Ubaya ni kwamba mwaka wa kwanza haukubaliki. Basi aliyeko Mombasa au Mwanza asiitegemee kupata viza. Ubalozini watataka kuona ada na matumizi ya mwaka mzima.

Maombi hupimwa zaidi kwa kazi zako, yaani ripoti za sauti au video unazotuma kwa linki, na hapo ndipo wengi huanguka. Anza na ripoti yenye nguvu kuliko zote, wala usiweke muziki na majina yanayozunguka: jaji ana mafaili mengi, sekunde 10 za mapambo humchosha. Sikiliza kila klipu kwa hedifoni. Maiki ya kubana shatini mara nyingi hurekodi upande mmoja tu; kwenye spika ya simu hutagundua, lakini jaji mwenye hedifoni anasikia sauti sikio la kushoto, kulia kimya. Rekebisha iwe mono, yaani sauti ileile masikio yote mawili, kabla ya kupakia. Linki nayo ifungue kwenye kompyuta ambayo hujaingia akaunti yako, kwa sababu faili la Google Drive ya chuo mara nyingi humwomba mgeni ruhusa.

Barua ya mwalimu iombe wiki nne kabla, ukimpa ripoti unazotuma ili azitaje.

Ukishinda, nenda ofisi ya fedha kabla ya kushangilia sana. Vyuo vingine hupunguza msaada wao kwa kiasi kilekile, na hili linauma kweli. Omba wapunguze mkopo au kazi ya chuoni kwanza. Pesa ya ada na vitabu vya lazima haitozwi kodi, ila ya chumba na chakula hutozwa, na mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, kwa kawaida hukatwa asilimia 14 papo hapo. Elekeza yote kwenye ada.