Krismasi ugenini: kwa familia ya rafiki au chumbani kwako?

Kwa gharama, kubaki kwako ni nafuu. Kwa familia ya rafiki chakula ni bure, lakini mkono mtupu haulambwi: nauli, zawadi ya mama mwenye nyumba, kitu kidogo cha watoto.

Uhuru? Kule utacheka utani usiouelewa, utasimama na sahani ukitafuta kabati lake huku wakikwambia "kaa, wewe mgeni". Kwako unalala hadi saa sita. Ila ifikapo saa kumi jioni, maduka yamefungwa na simu ya nyumbani imeshakatwa, familia ya rafiki inashinda bila ubishi.

Uliza tarehe mapema: wengine husherehekea usiku wa 24 Desemba, Waorthodoksi wengi 7 Januari.

Umechoka na watu? Baki. Ni mwaka wako wa kwanza ugenini? Nenda, hata kwa siku moja.