Tathmini ya mkoba wa kubebea dawa baridi kwa msafiri mwenye ugonjwa wa Crohn

Mtu anayeishi na ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa njia ya chakula) na kutumia sindano za adalimumabu, dawa ya kutuliza uvimbe huo, hawezi kufunga safari ya nje ya nchi kabla ya kujua dawa yake itakaa wapi, kwa kuwa hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi za Selsiasi 2 na 8, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Ndiyo maana mkoba huu mdogo umenipa utulivu mkubwa. Una kuta nene, mfuko wa pembeni wa barafu ya jeli na, jambo ninalolisifu zaidi, kitambaa kinachotenganisha barafu hiyo na sindano, maana zikigusana dawa inaweza kuganda. Kipimajoto chake kinasomeka bila kufungua zipu.

Dosari ipo. Sehemu ya nyaraka ni finyu mno, ilhali barua ya daktari inayotaja jina la kitaalamu la dawa, si la kibiashara pekee, hurahisisha sana ukaguzi wa uwanja wa ndege. Nililazimika kuikunja mara kadhaa, na ofisa aliyeisoma alihangaika na mikunjo.

Mkoba ukae nawe ndani ya ndege, usiuweke kwenye mizigo ya chini, ambako unaweza kupotea au dawa ikaganda. Kwa safari ya siku moja naupendekeza bila kusita. Kwa safari ndefu zaidi, ulizia mapema kama hoteli ina jokofu la kuhifadhia dawa na friza ya kugandishia jeli upya.