Pedi za breki za bei nafuu Dodoma: zinalaumiwa bure?

Ukiulizia pedi za mbele kwenye duka la spea za pikipiki hapa Dodoma mjini, mara nyingi utaletewa jozi iliyobanwa kwenye kadi yenye plastiki, haina jina linalojulikana, na nyuma imeandikwa tu kwamba inaingia pikipiki za CC 125 hadi 150 zenye diski. Mwenye Boxer ya shuu (breki za ngoma, zisizo na diski) mbele na nyuma haimhusu. Pedi hizi zina sifa mbaya vijiweni, na sehemu kubwa ya sifa hiyo si haki yake.

Zenyewe ni za aina laini. Zinashika vizuri zikiwa baridi, hazipigi kelele sana, na hazili diski haraka. Kwa abiria wa mjini, lami tupu, zinatosha. Udhaifu wake ni vumbi: kiangazi chetu kinazisaga kama msasa, na anayekwenda vijijini na magunia mawili nyuma atazimaliza upesi. Huyo anunue zenye chembe za chuma. Zinavumilia joto na tope, ila diski nayo italika mapema zaidi.

Kabla ya kulipa, zitoe kwenye kadi. Tazama kwa ubavu pale malighafi ya breki inapogusana na bati: ukiona ufa au mwanya, hata wa kuingia ukucha tu, rudisha. Pima unene wa zote mbili, kisha zilaze juu ya zile za zamani uone kama matundu ya pini yanalingana. Tundu lililopishana kidogo halirekebishwi kwa tupa.

Sasa lawama zenyewe. Ya kwanza: "nimeweka mpya, liva ya breki inalala mpaka kwenye mshikio." Hapo pedi haina kosa. Ili pedi nene ziingie, pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ilisukumwa ndani, na mtu akawasha akaondoka bila kupampu. Pampu liva pikipiki ikiwa imesimama hadi iwe ngumu. Ikigoma, sikiliza inavyojibu. Ikiwa inabonyea kama sifongo na kupanda kidogo kila unapopampu, kuna upepo ndani ya fluidi (mafuta ya breki). Ikiwa inakuwa ngumu halafu inazama taratibu ukiendelea kuishika, tafuta fluidi inapovuja; usipoona tone popote, sili za ndani ya masta silinda (pampu ya fluidi iliyo kwenye usukani) zimechoka.

Kutoa upepo kunahitaji spana (mara nyingi namba 8), mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na chupa yenye fluidi kidogo. Zamisha ncha ya mpira kwenye fluidi. Pampu, shikilia liva, legeza nipeli (skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa, unapovishwa mpira) robo mzunguko, funga, ndipo uachie liva. Ukiachia kabla ya kufunga unavuta hewa upya. Kikombe cha fluidi kilicho juu ya masta kisikauke hata mara moja. Tumia fluidi iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa iliyokuwa imefungwa vizuri, maana inanyonya unyevu. Oili ya injini ni mwiko: inavimbisha sili. Na fluidi ikidondokea tangi, mwaga maji papo hapo, inakula rangi.

Lawama ya pili, liva ngumu lakini pikipiki haisimami. Hapa kuna grisi au oili kwenye pedi, au pedi mpya hazijazoeana na diski. Pedi iliyokwisha kunywa oili haiponi kwa kuoshwa na petroli, tupa. Safisha diski kwa spirit na kitambaa safi, kisha zizoeshe pedi: kutoka kasi ya kilomita 40 kwa saa punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, mara 15 hivi, ukiacha nafasi zipoe. Mtu akiruka hatua hii na kupakia abiria mara moja, uso wa pedi unang'aa kama kioo. Msasa namba 120 juu ya kitu bapa unaondoa mng'ao huo.

Ya tatu ndiyo ya kwetu hasa: gurudumu linakaba na diski inachemka. Pistoni inayochungulia nje ya kalipa hufunikwa na pete ngumu ya vumbi na tope kavu. Fundi akiisukuma ndani hivyo hivyo kwa bisibisi, uchafu wote unaingia kwenye sili. Inatakiwa ioshwe kwanza kwa mswaki na maji ya sabuni. Kujua tatizo liko wapi, nyanyua gurudumu, legeza nipeli kidogo. Gurudumu likiachia, presha imenaswa juu: kitundu cha kurudishia fluidi kwenye masta kimeziba, hosi imeoza ndani, au kikombe kimejazwa kupita alama. Lisipoachia, ni pistoni au zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Zisafishe na upake grisi ya silikoni, si ya beringi.

Kelele nyingi huisha kwa kurudisha kibati cha nyuma ya pedi ambacho mafundi hupenda kukitupa.

Soma pia unene wa chini uliogongwa kwenye diski. Ikiwa diski imekuwa nyembamba kuliko hapo, pedi za bei yoyote hazitasaidia. Pedi nyingi za bei nafuu hazina mfereji wa kuonyesha zimefika mwisho, kwa hiyo chungulia kila unapobadilisha oili na uzitoe malighafi ya breki ikibaki milimita 2.