Betri na ESC za boti kubwa ya rimoti: ipi ununue, ipi uiache dukani

Boti ya rimoti yenye urefu wa mita moja hivi inakula umeme mwingi. Ikishanyanyua pua na kushika kasi, mota yake humeza wati 1,500 na zaidi, na wati zote hizo zinapita kwenye vitu viwili: betri na ESC, yaani kile kidhibiti mwendo kinachopokea amri ya rimoti na kuigawia mota umeme. Ukikosea hapo, hata ufunge mota ya bei mbaya kiasi gani, haitakusaidia. Wauzaji wanapenda kutaja ampea kwa sababu namba zake ni kubwa na zinavutia. Kwa boti ya ukubwa huu mimi nasema nunua volti.

Hesabu yake ni hii. Wati 1,500 kwa betri ya 4S, yaani seli nne za volti 3.7 zinazofanya volti 14.8, zinadai ampea 101. Kwa 6S, ambayo ni volti 22.2, zinashuka hadi ampea 68. Kwa 8S, volti 29.6, ni ampea 51 tu. Kazi ni ileile. Lakini joto kwenye waya, plagi na ESC hupanda kwa mraba wa ampea: ampea zikiongezeka maradufu, joto linakuwa mara nne. Ndiyo maana boti ya 4S iliyoendeshwa kwa kasi ya mwisho hurudi ukingoni na plagi isiyoshikika, ilhali ya 6S yenye nguvu ileile hurudi vuguvugu.

Sharti mota ilingane na volti hizo. Zidisha Kv ya mota, yaani mizunguko yake kwa dakika kwa kila volti moja, kwa volti za betri, upate mizunguko kati ya 25,000 na 35,000 kwa dakika bila mzigo. Kwa 4S hiyo ni mota ya Kv 2,000 hivi, kwa 6S Kv 1,400, kwa 8S Kv 1,000. Ukichukua mota ya Kv 2,000 iliyozoea 4S ukaitia 6S, ni mizunguko 44,400, na kitakachoungua kwanza mara nyingi ni ESC.

Betri, kuanzia iliyo bora

Nafasi ya kwanza naipa LiPo (betri za lithiamu-polima) mbili za 3S, kila moja mAh 5,000 hadi 6,000 (mAh ni ujazo wa betri), zikiunganishwa kwa mfululizo kupata 6S. Mbili ni bora kuliko moja ya 6S kwa sababu unaweza kugawa uzito kushoto na kulia, na boti ya magogo mawili, yaani katamarani, inahitaji hilo hasa. Chaja ya kuchaji 3S pia ni rahisi kupatikana. Traxxas Spartan hutumia mpangilio huu, na Pro Boat Blackjack 42 hutumia mbili za 4S kwa njia hiyohiyo. Zinunue siku moja, za aina moja, ziandike alama, na zitumike pamoja maisha yao yote. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile kuukuu itashuka chini ya kiwango huku ESC ikiona jumla ya volti bado inatosha.

Sasa ile namba ya C, inayozidishwa na ujazo wa betri kupata ampea inazodai kutoa. Betri ya mAh 5,000 iliyoandikwa 50C inadai kutoa ampea 250. Usiiamini. Ninachokiangalia mimi ni ukinzani wa ndani wa kila seli, na chaja nyingi nzuri zinauonyesha kwenye kioo. Betri mpya ya ukubwa huo inatakiwa isome miliohmu chache tu kwa seli, na seli zote zisome karibu sawa. Mbili zikisoma 2 na ya tatu 5, irudishe dukani kabla hujaikata plagi. Ipime uzito pia: betri mbili zikidai mAh zilezile na seli zilezile, halafu moja ikawa nyepesi kwa mbali, hiyo nyepesi inadanganya.

Kuhusu muda, usitarajie nusu saa. Ukitumia asilimia 80 ya mAh 5,000 kwa wastani wa ampea 60, unapata dakika 4. Weka saa ya rimoti ilie mapema, kisha pima kila seli boti ikitoka majini. Betri ikishapumzika, volti 3.7 hadi 3.75 kwa seli inaonyesha umeacha akiba ya kutosha. Usipoitumia siku kadhaa, iweke kwenye volti 3.8 kwa seli, tena mahali pa baridi. LiPo iliyojaa ikiachwa kwenye buti ya gari kwenye joto la Mombasa au Maskati inavimba, na ikishavimba kazi yake imekwisha.

Nafasi ya pili ni pakiti ya Li-ion ya seli za 21700, zile za mviringo zenye upana wa milimita 21 na urefu wa 70. Seli kama Molicel P42A ina mAh 4,200 na inaruhusiwa kutoa ampea 45, kwa hiyo seli 12 zilizopangwa sita kwa mbili zinakupa mAh 8,400 na ampea 90 kwa makadirio ya kiwanda. Volti zake hulegea zaidi unapokanyaga, lakini kwa boti ya kubeba chambo cha wavuvi au ya kupiga picha, inayotembea muda mrefu kwa mwendo wa kati, naichagua hata mbele ya LiPo. Tahadhari ni seli feki. Zile 18650 za tochi zilizoandikwa mAh 9,900 ni uongo mtupu: 18650 halisi haivuki sana 3,500.

Ya tatu ni LiFePO4, lithiamu ya chuma na fosfati. Haiwaki moto kirahisi, inadumu miaka, ila ni nzito na kila seli ni volti 3.2 tu. Zile za volti 12.8 zinazouzwa kwa ajili ya sola zina ulinzi ndani unaokata umeme ukivuta ampea nyingi kwa ghafla, na ukikatwa katikati ya bwawa, utaifuata boti kwa kuogelea.

Betri ya risasi ni ya nne, na ni kwa modeli za tagi na feri zinazokwenda polepole tu. Huko uzito wake ni faida, maana boti hizo lazima zikae chini majini. NiMH, betri za nikeli, sioni sababu ya kuinunulia boti kubwa leo.

ESC

Volti za ESC ndizo za kuheshimu kwanza. Ampea zikizidi kidogo itapata joto, pengine itajizima. Volti zikizidi inakufa palepale. Kumbuka 6S iliyojaa ni volti 25.2, na 8S ni 33.6. Kwa ampea, chukua angalau mara moja na nusu ya zile unazotarajia, na mara mbili ni bora zaidi, kwa sababu jani moja likijizungusha kwenye propela ampea zinaruka.

Kwa hesabu ya 6S hapo juu, chaguo langu la kwanza ni ESC ya majini ya ampea 180 inayopokea 2S hadi 6S, mfano Hobbywing Seaking 180A. Imezibwa, ina mirija ya kupitisha maji ya kupoza, inarudi nyuma, na inapunguza nguvu betri ikishuka. La pili ni ESC ya volti kubwa, kama Seaking 130A HV ya 5S hadi 12S, kwa anayekwenda 8S. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya gharama zake za pembeni: haina umeme wa kulisha risiva (kipokezi cha rimoti) na servo (kimota cha usukani), kwa hiyo unanunua BEC, kipunguza volti, ya peke yake, na ukichomeka 8S cheche ni kali hadi zinakula plagi, hivyo utahitaji plagi ya kuzuia cheche kama XT90-S. Ya ampea 120 inakuja ya tatu, inatosha ukivumilia propela ndogo. ESC ya gari nzito naiona ni ya dharura, ukiifunga bamba la alumini lenye bomba la maji juu yake. Ya ndege iache kabisa. Inategemea upepo upoze, na ndani ya boti iliyofungwa hakuna upepo, na nyingi hazirudi nyuma, kwa hiyo ukinasa kwenye majani umenasa.

Usirefushe waya kati ya betri na ESC. Ukiurefusha, volti zinaanza kuruka juu na chini kwa kasi na kuumiza kapasita, vile vimkebe vinavyosimama pale waya nyekundu na nyeusi zinapoingilia. Vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Kimoja kikianza kutuna, usiwashe tena. Nafasi ikikubana, refusha waya za upande wa mota. Plagi ziwe XT90, QS8 au pini za milimita 5.5 kwenda juu. XT60 si ya kazi hii.

Maji ya kupoza mota na ESC yapite mirija tofauti, kila mmoja na tundu lake la kutokea. Boti ikipita mbele yako angalia ubavuni: mchirizi ukikatika, itoe. Ukitoka baharini, sukuma maji yasiyo na chumvi kwa bomba la sindano mpaka chumvi itoke.

Anayekuletea betri kutoka Dubai au Ulaya azibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo wa chini, na pini zimefunikwa. Chini ya Wh 100 kwa betri (Wh ni volti mara ampea-saa, na mAh 1,000 ni ampea-saa moja) hazihitaji kibali cha shirika la ndege. 3S ya 5,000 ni Wh 55.5, na 6S moja ya ukubwa huo ni 111, tayari inahitaji ruhusa.

Fedha isipotosha vyote kwa pamoja, nunua kwanza ESC ya ampea 180 na mota ya Kv 1,400, kisha anza na 4S. Utapata mizunguko kama 20,700, mwendo wa kujifunzia, na kila kitu kitabaki baridi hadi utakapopata zile 3S mbili.