Geo Milev na Nikola Vaptsarov: nani aanze kusomwa?

Wote wawili waliuawa na dola ya Bulgaria, na wote ni washairi wa usasa, yaani wa ushairi mpya uliovunja kanuni za zamani. Mapinduzi, hata hivyo, yaliwafikia kwa njia tofauti kabisa.

Milev alianzia kwenye sanaa. Jarida lake la Vezni (1919–1922) lilieneza ekspresionizimu ya Kijerumani, mtindo wa sanaa unaotanguliza hisia kali kuliko sura halisi ya vitu. Siasa ilikuwa pembeni. Kisha uasi wa Septemba 1923, wa wakulima na wakomunisti dhidi ya serikali, ukazimwa kwa damu, naye mwaka uliofuata akachapisha shairi refu, “Septemvri” (Septemba). Mistari yake inakatika ghafla, mingine ikiwa ya neno moja tu, na umati unaibuka humo. Hapa ndipo ninapoona ukubwa wake: hakuzitupa mbinu za usasa ili awasemee wakulima, bali alizitia makali. Mamlaka zilimshtaki kwa shairi hilo. Mei 1925 polisi walimchukua, hakurudi tena. Miaka mingi baadaye mabaki yake yalitambuliwa kaburini kwa jicho la bandia, kwani jicho halisi alilipoteza katika Vita Vikuu vya Kwanza.

Vaptsarov alianzia kwenye mashine. Alikuwa fundi wa mitambo, na kitabu chake pekee alichokichapa akiwa hai, cha 1940, kimejaa injini, viwanda na lugha ya mazungumzo. Hapigi kelele. Alipigwa risasi Sofia, 23 Julai 1942.

Kwa ujasiri wa umbo, namchagua Milev. Msomaji mgeni aanze na Vaptsarov. Anaeleweka upesi zaidi.